Seva ya MUD imegoma: jinsi ya kutafuta tatizo unaposakinisha tbaMUD

MUD ni mchezo wa maandishi matupu unaochezwa na watu wengi kwa pamoja. Mchezaji anaandika `north`, seva inamweleza chumba alichoingia, na mwenzake aliyemo humo anaona mtu amefika. Mwongozo huu unahusu tbaMUD, mrithi wa CircleMUD ya Jeremy Elson (1993), ambayo nayo ilitoka kwenye DikuMUD ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen nchini Denmark, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukoo huu fundi anapaswa kuujua kwa sababu msimbo ni wa lugha ya C ya zamani na kompaila (programu inayoubadilisha msimbo kuwa programu ya kuendeshwa) ni ya leo, na matatizo mengi ya usakinishaji huanzia hapo.

Tunachukulia unatumia Debian au Ubuntu (aina za Linux), iwe kwenye kompyuta yako au kwenye VPS (seva ya kukodi mtandaoni). Seva yenyewe haina makuu: RAM ya MB 512 inatosha na kubaki. Usiiendeshe kama root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote. Tengeneza mtumiaji wake, kwa mfano `sudo adduser mud`, na kazi zote zifanyike kwenye folda yake ya nyumbani.

Mambo yakienda sawa, usakinishaji wote ni huu:

```
sudo apt update
sudo apt install build-essential git libcrypt-dev telnet gdb
git clone https://github.com/tbamud/tbamud.git
cd tbamud
./configure
cd src
make
cd ..
bin/circle 4000
```

Yasipoenda sawa, jiulize kwanza umekwama kwenye hatua gani: `configure` (inayokagua mashine yako), `make` (inayokompaili msimbo), kuwaka kwa seva, kuunganishwa kwa mchezaji, au kuingia kwenye mchezo. Kila hatua ina makosa yake, na dawa ya hatua moja haitibu nyingine. Anayefungua poti kwenye fayawoli (kinga ya mtandao) ilhali `bin/circle`, yaani programu ya seva, haijazaliwa anapoteza muda wake.

Kanuni ya pili: soma kosa la kwanza, achana na la mwisho. Kompaila ikishindwa mstari mmoja hulalamika mistari hamsini inayofuata. Hifadhi kila kitu kwenye faili, kisha utafute juu:

```
make 2>&1 | tee make.log
grep -n -m 3 "error" make.log
```

configure inapokataa

`Permission denied` maana yake faili halina ruhusa ya kuendeshwa, jambo la kawaida ukipakua zip badala ya kutumia git. Toa ruhusa kwa yote matatu kwa mkupuo, maana la pili na la tatu yatakusumbua baadaye:

```
chmod +x configure autorun src/licheck
```

Ukiona `/bin/sh^M: bad interpreter`, faili limepitia Windows na kila mstari umebeba alama ya ziada mwishoni. Iondoe:

```
sed -i 's/\r$//' configure autorun src/licheck
```

Wanaotumia WSL (Linux ndani ya Windows) waweke msimbo ndani ya `/home`, si `/mnt/c`. Huko kwenye diski ya Windows ruhusa za faili hazifuati desturi za Linux, na saa za faili zinaweza kuichanganya `make`.

Ujumbe unaowatisha wengi ni `C compiler cannot create executables`. Ikiwa `gcc --version` inajibu vizuri, kompaila ni nzima; mwenye shida ni `configure` ya kale. Script za zamani hupima kompaila kwa programu ndogo inayoanza na `main()` bila kutaja aina ya jibu. GCC 14 ya mwaka 2024 iliacha kulichukulia hilo kama onyo na kulifanya kosa kamili, kwa hiyo jaribio linafeli na script inadhani hakuna kompaila. Debian 13 inakuja na GCC 14, basi usishangae msimbo uliokubali kwenye Debian 12 ukikataa huko. Ipe script lugha ya enzi zake:

```
CFLAGS="-g -O2 -std=gnu89" ./configure
```

Hapo kuna mtego. `configure` za kizazi hicho huandika majibu yake kwenye `config.cache`. Ukisakinisha maktaba iliyokosekana kisha ukairudia, inasoma jibu la jana na kukwambia bado haipo. Kabla ya kila jaribio jipya futa kumbukumbu hiyo:

```
rm -f config.cache config.status
```

Sababu halisi ya kufeli iko kwenye `config.log`, karibu na mwisho. Mistari ya kwenye skrini ni muhtasari tu.

`configure` ikimaliza salama inaacha `src/Makefile` na `src/conf.h`. Kwa hiyo ukiwa ndani ya `src` na kukutana na `no makefile found` au `conf.h: No such file or directory`, rudi nyuma: `configure` haikumaliza, hata kama ilionekana imemaliza.

make inapokwama

Mara ya kwanza `make` hukuonyesha leseni na kusubiri ukubali. Isome, inakataza kuugeuza mchezo biashara na inadai majina ya waandishi wa awali yabaki. Ukijenga kwa script au Docker hakuna wa kujibu, na kazi inaganda bila kosa lolote. Ukishaisoma na kuikubali, ruka swali hilo kwa `touch src/.accepted`.

Makosa ya kompaila yenyewe yanategemea umri wa GCC yako na umri wa msimbo. Toleo la karibuni la tbaMUD hupita kwa urahisi zaidi, CircleMUD 3.1 au mchezo uliorekebishwa na watu miaka ya nyuma ndio wenye mikiki. Haya ndiyo matatu ya kuyatambua kwa sura:

`multiple definition of ...` wakati wa kuunganisha. Kigezo (variable) kimetangazwa kwenye faili la `.h` bila `extern`, kila `.c` ikapata nakala yake. Tangu GCC 10 (2020) kompaila haizichanganyi tena nakala hizo kimyakimya. Dawa ya haraka ni `-fcommon`. Dawa ya kudumu ni kuweka `extern` kwenye `.h` na tangazo moja tu kwenye `.c`.

`implicit declaration of function`, ikiwa kosa na si onyo. Ni GCC 14 tena. Funguo ni `#include` iliyosahaulika. Usikimbilie kulinyamazisha hili: kwenye mashine ya biti 64, kazi (function) isiyotangazwa inadhaniwa kurudisha `int`, na ikiwa kumbe inarudisha anwani ya kumbukumbu, nusu ya anwani inakatwa. Seva itakompailiwa vizuri kisha ianguke mchezaji wa kwanza akiandika nenosiri, kwa sababu `crypt`, inayosimba maneno ya siri, ni mojawapo ya kazi za namna hiyo.

`'bool' cannot be defined via 'typedef'`, au `too many arguments to function` mahali ambapo mabano ya tangazo ni matupu. Hiyo ni GCC 15 ya mwaka 2025, inayotumia C23 (kiwango kipya cha lugha ya C) usipoiambia vinginevyo. Humo `bool` ni neno la lugha yenyewe, na mabano matupu yana maana ya "hakuna chochote". Irudishe kompaila kwenye kiwango cha awali:

```
make clean
make CFLAGS="-g -O2 -std=gnu17"
```

`make clean` usiiruke unapobadilisha chaguo. Bila hiyo, faili za `.o` za zamani zinabaki na unajikuta umeunganisha vipande vya aina mbili.

Ukipata `undefined reference to 'crypt'`, maktaba haikuunganishwa. Sakinisha `libcrypt-dev` (kwenye Fedora ni `libxcrypt-devel`), futa `config.cache`, rudia `configure`. Lakini tatizo kubwa zaidi la crypt halitoi kosa lolote. `configure` isipoiona maktaba, msimbo unaamua kuishi bila usimbaji, na maneno ya siri ya wachezaji yanahifadhiwa jinsi yalivyoandikwa. Hakikisha:

```
grep CIRCLE_CRYPT src/conf.h
```

Unataka kuona `#define CIRCLE_CRYPT 1`. Ukiliona limefungwa ndani ya `/* */`, usimruhusu mtu asajiliwe. Ndiyo pia sababu ya kawaida ya wachezaji wote kuambiwa `Wrong password` baada ya kuhamisha mchezo kutoka mashine moja kwenda nyingine: upande mmoja ulikuwa na crypt, mwingine hauna. Na hata ikiwepo, usimbaji huu ni ule wa kale unaosoma herufi 8 za kwanza tu, tena telnet, ambayo mchezaji huunganishwa nayo, hupitisha kila kitu wazi njiani. Waambie wachezaji wasitumie nenosiri la barua pepe zao.

Jambo la mwisho hapa: `make` hujenga `circle` kwanza, kisha programu ndogo za msaada. Ikifeli mwishoni, angalia `ls -l bin/circle`. Ikiwepo na ina saa ya sasa hivi, seva yako iko tayari. Programu za msaada zinaweza kusubiri.

Kuwaka

Kwa jaribio la kwanza endesha `bin/circle 4000` moja kwa moja, bila `autorun` (script inayoiwasha seva upya ikizima) na bila `&`, ili logi ipite mbele ya macho yako. Seva iliyowaka sawasawa inataja `Running game on port 4000.`, kisha `Opening mother connection.`, inasoma ulimwengu kuanzia `Boot db -- BEGIN.` hadi `Boot db -- DONE.`, halafu inaandika `Entering game loop.` na mwisho `No connections.  Going to sleep.` Huo mstari wa mwisho si hitilafu: hakuna mchezaji, basi imelala. Wako wanaouona wakaizima seva wakidhani imekufa.

`Fatal error changing to data directory` hutokea ukiiendesha ukiwa ndani ya `bin` au `src`. Programu inatafuta folda ya `lib` pale ulipo. Panda juu kwenye folda kuu, au itajie njia kwa `-d`.

`Illegal port number` inatoka ukichagua poti 1024 au chini yake. Baki na 4000.

`SYSERR: bind: Address already in use` maana yake kuna mwingine ameishika poti, na mara nyingi ni seva yako mwenyewe. Tafuta:

```
ss -ltnp | grep :4000
```

Ukiiua `circle` na baada ya dakika moja imerudi, `autorun` ndiyo inayoifufua. Hiyo ndiyo kazi yake. Weka faili la kuisimamisha kwenye folda kuu kwanza, `touch .killscript`, ndipo uue mchakato. Ukiwa ndani ya mchezo, `shutdown die` inafanya yote mawili.

Sasa ulimwengu wenyewe. Vyumba, viumbe na vitu viko kwenye faili za maandishi chini ya `lib/world`, na kila folda ina `index` inayoorodhesha faili na kumalizika na alama ya `$`. Ukifuta eneo bila kuliondoa kwenye orodha utaona `File 'world/wld/120.wld' listed in 'world/wld/index': No such file or directory`, na seva inazima. Futa mstari huo, na ukumbuke maeneo yaorodheshwe kwa namba kupanda.

Makosa ya `Format error` na `fread_string` yanahitaji jicho la ziada. Kila maelezo ndani ya faili hufungwa kwa `~`. Ukiisahau, seva inaendelea kumeza mistari hadi ikutane na `~` ya mbele, kisha inakwama kwenye mstari usio na hatia. Tuseme chumba namba 12005 kimeandikwa hivi:

```
#12005
Soko la samaki~
   Harufu ya chumvi na pweza wabichi imejaa hewani.
120 0 0 0 0 1
S
#12006
Kizimbani~
```

Kosa litataja 12005, ingawa seva imekwama ikiwa tayari ndani ya mistari ya 12006. `~` inayokosekana ni ya 12005, kwenye mstari wa peke yake chini ya maelezo ya harufu. Kila mara anza kukagua chumba kilichotajwa, tangu mwanzo wake. Na baada ya kuhariri, pima kabla ya kuwasha:

```
bin/circle -c
```

Chaguo hilo husoma ulimwengu wote, hutoa makosa, na kutoka bila kufungua poti. Likishindikana na hujui pa kuanzia, jaribu `bin/circle -m`, inayotumia ulimwengu mdogo wa `index.mini`. Ikiwaka kwa `-m`, programu ni nzima na tatizo liko kwenye faili zako za eneo.

Anayehamisha CircleMUD 3.1 kutoka mashine ya zamani ya biti 32 anaweza kupokewa na `PLAYERFILE IS PROBABLY CORRUPT`. Faili halijaharibika. CircleMUD huhifadhi wachezaji kwa mfumo wa baiti, na ukubwa wa `long` umebadilika kwenye biti 64, hivyo hesabu haiingiliani. tbaMUD haina shida hii kwa kuwa inahifadhi kila mchezaji kama faili la maandishi.

Kuunganishwa

Anza ndani ya seva ileile: `telnet localhost 4000`. Ikikubali hapo na kukataa kutoka nje, tbaMUD haina kosa tena. Shida ni ya mtandao. Aina ya kukataliwa inakwambia mengi. `Connection refused` ya papo hapo: umeifikia mashine, ila hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo. Kusubiri mpaka `timed out`: kuna fayawoli njiani inatupa pakiti kimya. Kwenye VPS fayawoli ni mbili, ya Linux na ya mtoa huduma kwenye ukurasa wake wa usimamizi, na zote zinahitaji kuruhusu:

```
sudo ufw allow 4000/tcp
```

Ukiwa nyumbani, ruta inabidi ielekeze poti 4000 kwenye kompyuta yako. Kabla ya kuhangaika nayo, linganisha anwani ya WAN iliyoandikwa kwenye ruta na ile unayopata kwa `curl -4 ifconfig.me`. Zikitofautiana, na ya ruta inaanza na 10. au iko kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT: wateja wengi wanachangia anwani moja, na hakuna utakachobonyeza kwenye ruta kikakuokoa. Modemu za laini ya simu nyingi ziko hivi. VPS ndogo ni nafuu kuliko kupigana na hilo.

Kuna dosari moja inayofanana na mtandao mbovu: kila mtu mpya akiunganishwa, mchezo mzima unaganda sekunde kadhaa kwa wote. Seva ni mzunguko mmoja unaozunguka mara 10 kwa sekunde, na inaposubiri DNS itaje jina la mgeni, hakuna kingine kinachoendelea. Ingia kama mkuu wa mchezo, andika `cedit`, tafuta chaguo la nameserver kuwa mzito na uliwashe. Seva itaonyesha namba za IP badala ya majina, na kuganda kutaisha.

Kuingia, na majina yetu

Mhusika wa kwanza kusajiliwa anapewa ngazi ya 34, mwenye mamlaka yote. Kwa hiyo msajili mhusika wako kabla ya kufungua fayawoli. Mgeni akikutangulia, zima seva, fungua faili lako chini ya `lib/plrfiles` (Asha yuko `A-E/asha.plr`), badilisha `Levl:` iwe 34, na umshushe yule mwingine.

`Couldn't open player file ... for write` ni folda iliyokosekana au yenye mmiliki mwingine. Chini ya `lib/plrfiles` ziwepo A-E, F-J, K-O, P-T, U-Z na ZZZ. Aliyewahi kuendesha seva kama root mara moja ameacha faili asizoweza kuziandika mtumiaji `mud`:

```
sudo chown -R mud:mud /home/mud/tbamud
```

`Invalid name` huwakuta wenye ng' kwenye jina. Seva inakubali herufi tu, kwa hiyo Ng'wanza au Nyang'au hawapiti. Waandike bila kibainishi ('). Jina la kawaida likikataliwa, angalia `lib/misc/xnames`: orodha hiyo inakataa hata kipande cha neno kikionekana katikati ya jina.

Kwenye mazungumzo Kiswahili hakina tabu kwa kuwa herufi zake zote zimo kwenye ASCII, seti ya msingi ya herufi za kompyuta. Isipokuwa kibainishi kilichopinda ambacho simu na Word hupenda kukiweka: seva hutupa kila alama isiyo ASCII inayoandikwa na mchezaji, na ng'ombe anatokea kuwa ngombe. Zima alama za kupinda kwenye kibodi.

Kuiacha ikiendelea yenyewe

Chagua kimoja kati ya `autorun` na systemd (msimamizi wa huduma wa Linux). Ukiweka vyote, vinagombea poti. Sisi tungechagua systemd, kwa sababu inaanza mashine ikiwaka na logi inasomeka kwa `journalctl -u mud`. Faili ni `/etc/systemd/system/mud.service`:

```
[Unit]
Description=tbaMUD
After=network.target

[Service]
User=mud
WorkingDirectory=/home/mud/tbamud
ExecStart=/home/mud/tbamud/bin/circle 4000
Restart=on-failure
RestartSec=10
LimitCORE=infinity

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Kisha `sudo systemctl daemon-reload` na `sudo systemctl enable --now mud`. Ukisahau `WorkingDirectory` unarudi kwenye kosa la data directory. `Restart=on-failure` inaelewana na mchezo: `shutdown reboot` hutoka kwa namba 52, systemd inaihesabu kama kufeli na kuiwasha upya, ila `shutdown` ya kawaida hutoka kwa 0 na seva inabaki imezimwa. Ubaya wake ni kwamba ulimwengu wenye kosa utaifanya ijaribu kila sekunde 10 bila kuchoka, basi pitisha `-c` kwanza.

Ikianguka ghafla kwa `Segmentation fault`, kubahatisha hakusaidii. Seva huhamia ndani ya `lib` inapowaka, kwa hiyo core (faili la kumbukumbu linaloachwa programu ikianguka) itafute huko, si kwenye folda kuu. Isipokuwepo, soma `/proc/sys/kernel/core_pattern`. Kikianza na `|`, mfumo unaipeleka kwa programu nyingine, na kwenye Ubuntu ni apport. Ukishaipata:

```
gdb bin/circle lib/core
bt
```

Mstari wa kwanza wenye jina la faili la `src` ndio pa kufungua. Namba za mistari zinaonekana ikiwa tu ulikompaili kwa `-g`.